Mashine Nne za Kumwambu

Kumwambu, Kibondo
6 Machi 2023

Ndugu Fundi Emile,
Kambi ya Nyarugusu.

Mwakeye. Hunijui, nami sikujui. Jina lako nimepewa na Pasikali, dereva wa lori la dawa anayepita hapa kwenda huko kwenu. Anasema zahanati ya kambini ilikuwa na mashine za maabara zilizokataa kuongea na kompyuta, watu wakakata tamaa, ukaitwa wewe, nazo zikaongea. Hilo neno "kuongea" ndilo lililonishikisha kalamu, maana shida yetu ni hiyohiyo.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wadarizi hapa Kumwambu. Halmashauri ilitupatia mashine nne za kudarizi kutoka kiwanda kilichofungwa Mwanza. Ni za zamani lakini ni nzima. Mchoro unatengenezwa kwenye kompyuta, halafu unasafiri kwenda kwenye mashine kwa waya wenye pini tisa. Kompyuta tuliyoletewa ni mpya na haina tundu hata moja la waya huo. Kwa hiyo wakaleta na kadi ya kufunga ndani ya kompyuta, yenye mkia unaogawanyika kuwa matundu manne, moja kwa kila mashine. Kadi bado iko kwenye boksi lake. Fundi wa dukani aliyeahidi kuja kuifunga hajaja, na simu hapokei.

Sekondari mpya ya wasichana imetupa kazi ya sweta za kidato cha tano zenye nembo kifuani: mzinga wa nyuki juu ya kitabu kilichofunguliwa. Wasichana wataingia baada ya Juni. Afisa maendeleo wetu, Elisante, ni mtu mwema kutoka Same, lakini ametuambia wazi kuwa mashine zikifika mwisho wa Juni hazijafanya kazi, zitahamishiwa kikundi cha Kasulu mjini. Amesema pia kompyuta isiguswe mpaka fundi aje. Ubavuni ina karatasi ya dukani iliyobandikwa: usifungue.

Naomba uniambie, mtu ambaye si fundi anaweza kuifunga kadi hiyo akielekezwa kwa barua?

Ni mimi,
Esteria Bukuru


Nyarugusu
13 Machi 2023

Mama Esteria,

Jambo sana. Pasikali ameniachia barua yako mkononi. Emile hayupo. Mimi ni mke wake, Apoline, nimeisoma na ninakujibu, juu kazi yenyewe haiwezi kungoja. Simu sina, na kutoka kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo tutaenda hivihivi kwa kalamu.

Unauliza kama asiye fundi anaweza. Mtu anayetia uzi kwenye sindano bila kulaani anaweza.

Zima ordinateri, ndiyo hiyo kompyuta yenu, uchomoe waya wa umeme kabisa. Fungua skrubu za ubavu. Kabla ya kugusa kadi, shika chuma kitupu cha ndani ya kasha kwa kiganja. Usiruke hilo. Wewe unashinda na sweta za sufu, na sufu inaacha umeme mdogo mwilini ambao wewe huusikii lakini kadi inausikia, inakufa. Kisha tafuta mfereji unaolingana na meno ya dhahabu ya kadi. Isukume wima, pande zote mbili sawa, mpaka ikae. Funga skrubu yake. Ukiwasha, weka programu iliyo kwenye sidii ya boksi, halafu fungua ule ukurasa ambapo ordinateri inataja viungo vyake vyote. Tafuta fasi palipoandikwa Ports. Uniandikie unachokiona, neno kwa neno.

Juu ya ile karatasi ya usifungue, siwezi kukuamulia. Ni wewe utakayesimama mbele ya huyo Elisante.

Apoline


Kumwambu
27 Machi 2023

Dada Apoline,

Asante, na umfikishie Mzee Emile shukrani zangu huko aliko. Anaeleza vizuri mno.

Nimeifungua. Nilichana ile karatasi kwa kisu cha jikoni, peke yangu, wenzangu wakiwa kwenye mazishi Biturana. Sijamwambia Elisante. Vestina, katibu wetu, aliporudi aliona skrubu na kisu mezani akaniuliza, "Mama Bazilio, umefanya nini?" Nikamwambia nafuta vumbi. Alinitazama akaenda kukoroga uji.

Mara ya kwanza kompyuta haikuiona kadi kabisa. Nilikaa chini. Halafu nikakumbuka "pande zote mbili sawa." Nikaitoa, nikashika chuma, nikaisukuma tena, na safari hii nikasikia imekaa.

Sasa pale kwenye Ports pameandikwa COM5, COM6, COM7 na COM8. Nikafurahi. Lakini programu ya kudarizi nikiifungua inaniuliza mashine iko poti gani, na orodha yake inaishia COM4. Haijui kama kuna tano. Muulize Emile, je, nimeharibu?

Esteria


Nyarugusu
3 Aprili 2023

Mama Bazilio,

Nimeona jina lako la nyumbani, nitakuita hilo. Mimi hapa wananiita Mama Sophie.

Hujaharibu kitu. Poti ni mlango, na namba ni kibao tu kilichopigiliwa juu ya mlango. Ordinateri imepigilia namba inazotaka yenyewe. Wewe unaweza kuzing'oa. Bonyeza COM5, ingia Properties, kisha sehemu ya mipangilio ya poti, kisha Advanced. Utaona namba, ibadilishe iwe moja. Ya sita iwe mbili, na kuendelea hivyo. Fanya mlango mmoja, zima, washa, ndiyo uende wa pili. Kila mkia wa kadi uufunge kitambaa chenye namba yake, usije ukasahau upi ni upi.

Kisha nenda kwenye mashine yenyewe. Kwenye kioo chake kidogo imeandika spidi inayosomea. Namba hiyohiyo iweke kwenye ordinateri. Zikipishana, mashine itapokea takataka au itanyamaza.

Juu ya Emile nitakueleza siku yake. Kwanza niambie mashine imefanya nini.

Apoline


Kumwambu
24 Aprili 2023

Mama Sophie,

Imeshona.

Nilitaka kuandika neno hilo moja tu nikutumie, lakini yako mengine. Namba zimebadilika kama ulivyosema. Nilituma mchoro kwenye mashine ya kwanza, sindano ikashuka, na mzinga ukaanza kutokea kwenye kitambaa bila mkono wa mtu. Vestina alisahau kwamba amenikasirikia. Dorcas, mkubwa wetu kwa umri, alivua viatu akasogea karibu.

Halafu ikaharibika. Mzinga unakuja vizuri hadi katikati, ghafla sindano inakimbia upande mmoja, inavuta uzi mrefu mpaka ukingoni, na kuanzia hapo ni fujo. Nimejaribu mashine zote, moja baada ya nyingine. Kila moja inavurugika karibu palepale. Nimepunguza spidi ya sindano, haikusaidia. Nimekuwekea kitambaa ndani ya bahasha umwonyeshe Emile.

Waya tulitengenezewa na Evaristi, fundi redio wa sokoni, kwa kuangalia picha. Nalisema hilo kwa kuwa sijui kipi ni muhimu na kipi si muhimu.

Vestina anasema tumwite Elisante tumwambie ukweli kwamba mashine zinavuruga, kabla hajasikia kwingine. Wenzangu wawili wameacha kuja. Wanasema mashine hizi zimekuja kutupotezea muda wa shamba, na maharage yanataka kupaliliwa. Jana nilikaa peke yangu kwenye chumba kile, mashine nne zimenizunguka, nikajiona mjinga niliyechana karatasi ya watu.

Nisaidieni.

Esteria


Nyarugusu
2 Mei 2023

Mama Bazilio,

Kitambaa chako nimekitandika juu ya meza ninapouzia mawese, nikakigeuza mbele na nyuma. Tatizo limejiandika lenyewe hapo.

Angalia. Mwanzo wa mzinga hauna kosa hata moja. Kwa hiyo kadi ni nzima, namba ni sawa, spidi ni sawa. Kama kimojawapo kingekuwa kibaya, ungeharibika tangu mshono wa kwanza. Unaharibika katikati, na kila mashine karibu fasi ileile. Maana yake ni hii: mashine ina tumbo dogo. Ordinateri inamimina mchoro haraka kuliko sindano inavyoshona. Tumbo likijaa, mashine inasema ngoja. Ordinateri haisikii, inaendelea kumimina, na yanayomwagika ni mishono ya mzinga wako.

Kwa nini haisikii? Juu bila shaka Evaristi ameweka waya tatu tu. Pini ya pili na ya tatu zilizopishana, na ya tano. Mchoro unapita vizuri kwenye hizo. Lakini neno "ngoja" lina waya wake, nao haupo. Aongeze waya mbili: pini ya saba ya upande huu iende ya nane ya upande ule, na ya nane iende ya saba. Waya za mashine zote nne zifanywe hivyo. Halafu kwenye ordinateri, kila poti, mstari wa Flow control, uchague Hardware. Na kwenye mashine vilevile.

Sasa juu ya Emile.

Emile bwana yangu alifariki hapa kambini mwaka juzi. Nilipoandika hayupo sikusema uongo, lakini nilijua utasoma vipi, nikakuacha. Wewe ulitaka fundi mwanaume aliyesifiwa na Pasikali. Niliogopa ukijua anayekuelekeza ni mjane anayeuza mawese, ungetafuta mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona hiyo kadi machoni pangu, sikutaka kuiachia.

Tulitumika wote posta ya Uvira. Yeye alikuwa wa simu na antena, tena fundi mzuri sana. Ordinateri zilikuwa zangu. Ile ya nyuma ya kaunta, iliyoendesha madirisha yote kwa kadi moja kama hiyo yako, niliifunga mimi. Na siku ya zahanati walimwita Emile, alikuwa amelala na homa, nikaenda mimi. Mashine zilipofanya kazi watu wakasema, Emile ametengeneza. Yeye mwenyewe aliwakatalia. Hawakumsikiliza.

Kwa hiyo maneno yote uliyoyashukuru ni yangu. Kama sasa hutaki kuongeza zile waya mbili, nitaelewa.

Apoline Nabintu


Kumwambu
15 Mei 2023

Fundi Apoline,

Pole sana, Mama Sophie. Pole kwa Emile. Nimesoma barua yako nikaona aibu kwa kila nilipoandika "muulize Emile," nawe ukawa unasoma na kunyamaza. Pasikali naye nimemweleza. Alisugua usukani, halafu akasema, "Nimekuwa nikimsifu mtu mwingine barabara nzima."

Waya tumeongeza siku hiyohiyo. Evaristi alipoona maelezo yako alisema picha aliyoifuata ilikuwa ya waya wa mita ya maji, akacheka, akanipa kichomeo nilehemu mwenyewe ule wa nne. Nimeungua kidole. Kina dawa ya meno na kinaendelea vizuri.

Mzinga umekamilika. Kitabu chini yake kimekamilika hadi kurasa. Nilimpelekea Dorcas shambani, akaufuta mkono kwenye kanga kabla ya kukishika kitambaa. Wale wawili walioacha wamerudi, hakuna aliyewauliza kitu.

Na Vestina nimemwambia yote, kuhusu karatasi na kuhusu wewe. Alisema alijua tangu siku ya skrubu, maana hakuna mtu anayefuta vumbi kwa kisu.

Mashine tunazitumia moja moja. Zote nne kwa pamoja bado hatujathubutu. Tunaogopa kompyuta italemewa, na Elisante anakuja tarehe thelathini Juni.

Lakini kuna kitu nataka kukuuliza. Mtu mwenye kichwa kama chako anauza mawese kwa nini?

Esteria


Nyarugusu
5 Juni 2023

Mama Bazilio,

Thubutuni. Kadi hiyo ilizaliwa kwa kazi ya milango minne kwa wakati mmoja. Mkiitumia mlango mmoja mnaionea.

Swali lako. Chuo cha ufundi hapa kambini kinatafuta mwalimu wa ordinateri. Nilikwenda. Waliniomba diploma. Diploma yangu ilibaki Uvira kwenye nyumba iliyoungua. Waliniomba basi mtu wa kunishuhudia. Niliyekuwa naye nimemzika. Yule bwana wa chuo hakuwa mbaya, alinipa hata kiti, lakini alisema, "Mama, kila mtu hapa ananiambia alikuwa mtu fulani huko kwao." Ni kweli. Na wengi wao hawasemi uongo.

Aksanti kwa kuniuliza. Mawese nayo si kazi mbaya.

Apoline


Kumwambu
30 Juni 2023

Fundi Apoline,

Ninaandika haraka, lakini si kwa woga.

Elisante alifika asubuhi na mhasibu wa halmashauri. Barabarani pale nje tukaona limesimama lori tupu. Hakutuficha. Alisema, "Akina mama, lori hili nimelileta kwa sababu nimeambiwa nilete. Kama hakuna kinachofanya kazi, leo mashine zinapanda."

Akaingia ndani. Kitu cha kwanza alichokiona ni ubavu wa kompyuta, pale karatasi ilipochanika.

"Nani alifungua hii?"

"Mimi," nikasema. "Wenzangu hawakujua."

"Tulijua," Vestina akasema kutoka kwenye mashine ya pili. Dorcas naye akasema, "Tulijua wote, baba." Na Dorcas hakujua habari ya karatasi, Mama Sophie. Amejua leo.

Elisante alivua miwani, akaivaa tena. "Nilisema isiguswe mpaka fundi aje."

"Fundi alikuja," nikamjibu. "Alikuja kwa barua."

Hakuelewa, nami sikueleza. Nilikaa kwenye kompyuta. Tulikuwa hatujawahi kuwasha nne pamoja, hata jana tuliogopa tusije tukaharibu usiku wa kuamkia leo. Nikatuma mzinga kwa mlango wa kwanza. Sindano ikashuka. Nikatuma wa pili bila kungoja. Wa tatu. Nilipobonyeza wa nne nilifumba macho. Nilichosikia ni sauti ambayo chumba kile hakijawahi kuwa nayo, mashine zote nne zinashona, meza zinatikisika, vikombe vya chai vinalia juu ya kabati. Nikafumbua macho. Kila mashine ilisimama kidogo, ikashona, ikasimama, ikashona. Zilikuwa zinasema ngoja, na kompyuta inangoja. Mama, nilizielewa.

Sweta zote nne zikatoka. Elisante alichukua moja akaigeuza ndani nje. Mama yake alikuwa mshonaji Same, anajua kosa hujificha wapi. Akapitisha kidole kwenye mishono ya nyuma, polepole. Kisha akamwambia mhasibu, "Andika kwamba zinafanya kazi." Mhasibu akauliza, zote? "Kwani wewe husikii?"

Dorcas alianza kupiga vigelegele, tukashindwa kumnyamazisha, na mwisho tukaacha kujaribu. Watu wa sokoni walikuja mlangoni. Evaristi alikuwa anawaonyesha waya zake kana kwamba ni watoto wake.

Ndipo Elisante aliniita pembeni. "Huyo fundi wa barua ni nani?" Nikampa barua zako zote. Alikaa kwenye benchi nje akazisoma toka ya kwanza hadi ya mwisho, na ile ya chuo akaisoma tena. Alipomaliza aliomba karatasi, akaandika, akatoa mhuri kwenye begi lake.

Lori lake linarudi Kasulu tupu, na litapita Makere, karibu na kambi yenu. Kwa hiyo linachukua barua hii, barua yake, na sweta moja ya rangi ya damu ya mzee yenye mzinga kifuani. Sweta tumeipima kwa kukisia. Pasikali anasema wewe ni mrefu.

Esteria Bukuru
kwa niaba ya wote


Kibondo
30 Juni 2023

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
Kambi ya Nyarugusu.

YAH: UTAMBULISHO WA FUNDI APOLINE NABINTU

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Ninathibitisha kwamba mtajwa ameelekeza, kwa barua na bila kufika kwenye eneo la kazi, ufungaji wa kadi ya poti nne, upangaji wa namba na spidi za poti, na marekebisho ya waya za mashine nne za kudarizi za kikundi cha Kumwambu. Nimeshuhudia mashine zote zikifanya kazi kwa pamoja leo.

Barua zake nimezisoma. Katika miaka yangu ya utumishi sijapata kuona mafunzo yaliyoeleweka kuliko hayo. Mtu aliyeweza kufundisha hivyo kwa kalamu, naomba apewe darasa.

Elisante Mbwambo
Afisa Maendeleo ya Jamii


Nyarugusu
14 Agosti 2023

Mama Bazilio,

Unisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jambo lililokamilika mkononi.

Nilikwenda chuoni nimevaa sweta, ingawa jua lilikuwa kali. Mikono yake inanifikia vizuri kabisa. Yule bwana alisoma barua ya Elisante, akaniomba nimwonyeshe hiyo darizi, akainama karibu na kifua changu mpaka mwenyewe akaona haya akanyooka. Akaniuliza, "Ulijuaje ni ile waya ya ngoja, nawe hukuiona mashine?" Nikamwambia niliona mshono. Aliniita kwenye stoo. Kuna ordinateri zimerundikwa humo tangu zilipoletwa, wanasema mbovu. Akasema, "Chagua moja." Niliifungua pale pale mbele yao. Miaka yote hii niliogopa kwamba siku nitakayoshika tena chuma kile vidole vitakuwa vimesahau. Havikusahau, Mama Bazilio. Kabla sijafikiri, kiganja changu kilikuwa kimeshashika kasha.

Ilikuwa kadi ya kumbukumbu iliyolegea. Iliwaka. Bwana yule alikaa kwenye sanduku akacheka mwenyewe, na nilipoondoka niliacha tatu zinawaka.

Darasa limeanza Jumatatu iliyopita. Walitangaza nafasi chache na nikadhani watakuja vijana wa kiume tu. Wamekuja wasichana, amekuja mzee mmoja wa Burundi aliyehamishwa kutoka kambi ya Mtendeli, amekuja na muuguzi wa ile zahanati. Huyo muuguzi alisimama mbele ya wote akasema, "Mashine zetu za maabara alizitengeneza huyu." Sophie alikuwa mlangoni, akasikia. Jioni alinipikia ugali wa muhogo na dagaa bila kuombwa, akaniambia, "Maman, papa angefurahi leo." Tulikula tukamtaja Emile, na kwa mara ya kwanza tulimtaja tukicheka.

Mwambie Elisante aksanti. Mwambie Vestina na Dorcas. Nimesikia kwa Pasikali kwamba kikundi cha Nyabibuye kimekuja kuangalia kazi yenu na wewe ndiye uliyewafungulia kompyuta ukawaonyesha ndani. Wakikwama, wafundishe wewe. Hunihitaji tena kwa hilo, na sijawahi kufurahi hivi kwa kutohitajiwa.

Ninafunga hapa. Kengele imelia, viti vimekwisha, na bado wanaingia.

Mwalimu Apoline Nabintu